Fundi wa Kanda za Zamani

Kanda mama ya muziki wa roki wa miaka ya 1970 hukaa ndani ya sanduku jembamba la karatasi ngumu. Mgongoni mwa sanduku kuna maandishi ya mkono: jina la bendi, tarehe, kasi ya kanda, na majina ya nyimbo yaliyoandikwa harakaharaka kwa wino ambao sasa umefifia. Pengine jina la wimbo silo lile ulilokuja kujulikana nalo, kwa sababu siku ile lilikuwa halijaamuliwa. Pengine jina zima limekatwa mstari, na pembeni pameandikwa kwamba jaribio hili halikufaa, lirudiwe. Fundi wa kufufua rekodi za zamani huanza kazi yake hapo, kwenye sanduku, kabla hajagusa mtambo wowote. Huyasoma maandishi yale kama msimamizi wa mirathi anavyosoma wosia, akijua kwamba aliyeandika huenda hayupo tena kuulizwa.

Ufundi huu hauna sifa mitaani. Anayeufanya hapigi gitaa wala haimbi, na jina lake huchapwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu kinachofuatana na albamu. Kazi yake ni kuzitoa ghalani sauti zilizonaswa zamani zisiuzwe, au zilizouzwa zikiwa zimeharibiwa na haraka ya soko, na kuzirudisha masikioni mwa watu vilevile zilivyokuwa. Neno "vilevile" ndilo linalobeba uzito wote wa kazi hiyo.

Kati ya vyote vinavyopita mikononi mwake, vyenye thamani ya pekee ni rekodi zilizopigwa moja kwa moja studioni. Jukwaani, kelele za watazamaji hufunika makosa. Katika kutengeneza albamu, kila ala huweza kunaswa peke yake na wimbo mmoja ukala wiki nzima. Katika kikao cha studio bendi nzima husimama pamoja, maikrofoni hufunguliwa, na kinachotoka ndicho kinachobaki, labda na sauti ya ziada moja au mbili zilizowekwa juu muda uliporuhusu. Hapo ndipo msikilizaji anapojua nani alikuwa mwanamuziki na nani alibebwa na mitambo.

Nchini Uingereza shirika la utangazaji la BBC lilizaa rekodi za aina hii kwa maelfu, na sababu yake haikuwa mapenzi ya sanaa peke yake. Mapatano na makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki yaliweka kikomo cha saa ambazo santuri za madukani zingeweza kupigwa hewani. Muda uliobaki ulipaswa kujazwa na wanamuziki wenyewe. Kwa hiyo bendi changa ziliitwa, zikapewa saa chache, zikapiga nyimbo tatu au nne, fundi mitambo akazichanganya papo hapo, na kanda ikaenda kurushwa.

Tarehe 5 Februari 1973 vijana wanne wa bendi iitwayo Queen waliingia studio ya Langham 1 mjini London, katika jengo lililokuwa hoteli ya kifahari kabla BBC hawajalichukua. Hawakuwa na albamu sokoni. Ya kwanza ingetoka Julai mwaka uleule. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi; baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali. Familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Siku hiyo ya Februari bendi ilipiga nyimbo nne: "My Fairy King", "Keep Yourself Alive", "Doing All Right" na "Liar". Ule wa kwanza aliutunga Mercury mwenyewe, na mpiga gitaa Brian May amesimulia kwamba ni humo mwenzake alimolipata jina la Mercury. Kwa hiyo kanda ile imemnasa kijana wa Unguja akiliimba jina lake jipya wakati ambapo karibu hakuna aliyelijua.

"Doing All Right" ndio unaostahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko zote. Mercury hakuutunga; aliurithi. Uliandikwa na May pamoja na Tim Staffell walipokuwa katika bendi yao ya awali, Smile, ambamo Roger Taylor alipiga drams. Staffell alipoondoka, Mercury akashika nafasi ya mwimbaji na wimbo ukawa wake pia. Unaanza kwa upole, piano ikitangulia na sauti ikifuata nyuma yake kama mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala. Kisha gitaa linapasua ukimya, drams zinaingia kwa nguvu, na mwisho wimbo unarudi kwenye upole ule wa mwanzo. Katika albamu Mercury anauimba hadi tamati.

Katika kanda ya Februari mambo hayaishi hivyo. Ubeti wa mwisho unapofika, sauti inabadilika: anayeimba ni Taylor, mpiga drams. Sauti yake ni nyembamba zaidi na ina mkwaruzo kidogo. Hakuna mtangazaji anayeeleza, hakuna aliyeandika siku hiyo kwa nini imekuwa hivyo. Msikilizaji anayejua historia ya wimbo huhisi kwamba mwenye nyumba wa zamani amekuja kufunga mlango: aliyekuwapo wimbo ulipozaliwa amepewa nafasi ya kuumaliza, na mgeni, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko za wote mle ndani, amesogea pembeni. Hilo ni jambo la heshima kati ya wanamuziki, na halikuwahi kuingia kwenye santuri ya dukani wakati ule. Lilisikika hewani, likapotea, na wapenzi wa bendi wakalipata rasmi mwaka 1989, kikao hicho pamoja na kile cha Desemba 1973 vilipotolewa katika albamu *At the Beeb*.

Vikao vingine vya Queen vina lulu zake. Katika kile cha tarehe 3 Desemba 1973, wimbo "Son and Daughter" umerefushwa kupita ule wa albamu, na katikati yake May anapiga kipande kirefu cha gitaa peke yake. Mwaka uliofuata kipande hicho kilipata makazi ya kudumu ndani ya wimbo "Brighton Rock". Aliye na kanda ya Desemba anaiona mbegu kabla haijawa mti. Katika kikao cha mwisho, tarehe 28 Oktoba 1977, siku ileile albamu *News of the World* ilipoingia madukani Uingereza, bendi ilipiga "We Will Rock You" mara mbili: kwanza taratibu, kwa vishindo na makofi kama dunia inavyoujua, kisha kwa kasi, ala zote zikikimbia pamoja tangu mwanzo. Vikao vyote sita, vyenye nyimbo 24, vilikuja kukusanywa mahali pamoja mwaka 2016 katika toleo la *On Air*. Kutoka kikao cha kwanza hadi kukusanywa kwavyo ilipita miaka 43.

Kwamba sauti hizi zipo leo hakukutokana na utunzaji wa makusudi peke yake. Kanda zilikuwa ghali, makabati yalijaa, na muziki wa vijana ulihesabiwa kuwa kitu cha kupita. Kipindi kilipokwisha kurushwa, kanda nyingi zilifutwa ili zirekodiwe kitu kingine. Kati ya 1962 na 1965 Beatles walipiga nyimbo 88 tofauti hewani BBC, baadhi mara nyingi, hata jumla ikafika 275. Mtayarishaji wa redio Kevin Howlett alipoanza kuzitafuta kwa ajili ya kipindi cha mwaka 1982, alikuta sehemu kubwa haimo ghalani. Albamu *Live at the BBC* ya mwaka 1994 ilikuwa na nyimbo 30 ambazo Beatles hawakuwahi kuzitoa rasmi, na baadhi ya mapengo yake yalizibwa kwa rekodi za wasikilizaji waliozinasa nyumbani kutoka redioni.

Yaliyowapata Led Zeppelin yanafanana na hayo. Kikao chao kimoja cha Machi 1969, kilichofanywa kwa kipindi cha idhaa ya dunia ya BBC, kilitoweka kanda na yote. Ndani yake mlikuwa na wimbo "Sunshine Woman", ambao bendi hiyo haikuuweka katika albamu yoyote. Ulinusurika kwa sababu msikilizaji fulani alikuwa amewasha kinasa sauti chake mbele ya redio. Mwaka 2016 rekodi hiyo iliingizwa katika *The Complete BBC Sessions*, ikiwa na mikwaruzo yake na mawimbi ya hewani yanayopanda na kushuka. Mpiga gitaa Jimmy Page, msimamizi wa matoleo hayo, angeweza kuiacha kwa kuwa haikuwa safi. Aliiweka, na alifanya vyema.

Njia nyingine ya kunusurika ilikuwa santuri ambazo BBC yenyewe ilizichapisha kwa idadi ndogo na kuziuzia haki redio za nchi za nje. Santuri hizo hazikukusudiwa kuingia mikononi mwa watu binafsi, na muda wa haki ulipokwisha zilipaswa kuharibiwa. Zilizosalia zilisalia kwa sababu mtu fulani katika kituo fulani hakutii agizo. Kwa hiyo mhifadhi wa leo anawashukuru watu wawili ambao majina yao hayajulikani: karani asiyetupa na msikilizaji asiyelala.

Kanda ikishapatikana, kazi ya mikono huanza. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kanda huoza kweli. Kanda nyingi za kati ya miaka ya 1970 na za miaka ya 1980 zina gundi inayonyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Ikipitishwa mtamboni katika hali hiyo hulia kama bawaba kavu, na unga wa sumaku uliobeba muziki hubanduka na kubaki kwenye chuma. Dawa yake ni kuioka. Kanda hutiwa katika tanuri la joto dogo, kama nyuzi 54 za Selsiasi, kwa saa nyingi, kisha huachwa ipoe polepole. Ikitoka humo inapigika tena, lakini kwa majuma machache tu kabla unyevu haujarudi. Katika muda huo fundi anapaswa kuinakili vizuri, kwa kuwa kila kuokwa kunaichosha kanda zaidi. Kanda za zamani zaidi, za asetati, zina ugonjwa mwingine, nazo hazistahimili tanuri. Fundi asiyejua tofauti hiyo huua alichokuja kuponya.

Kisha huja viungio. Katika enzi ile wimbo ulikatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi, na gundi hiyo sasa imekauka. Kanda inapozunguka, viungio huachia kimoja kimoja. Fundi husimamisha mtambo, husafisha mabaki, huunga upya mahali palepale, na huhakikisha hajapoteza hata nusu ya pigo. Halafu hurekebisha pembe ya kichwa cha kusomea hadi ilingane na pembe ya mtambo ulionasa kanda ile miaka 50 iliyopita. Pembe ikipotoka kidogo tu, matoazi hupoteza mng'aro na herufi "s" za mwimbaji huwa kama zimefunikwa kitambaa. Fundi mzuri huipata pembe hiyo kwa sikio kabla ya kipimo kumthibitishia.

Kasi nayo ina siri yake. Kinasa sauti cha nyumbani hakikuwa na mwendo wa uhakika, kwa hiyo rekodi ya msikilizaji wa mwaka 1969 huweza kucheza juu au chini ya sauti halisi. Fundi hutafuta kitu kisichobadilika ndani yake. Piano iliyopigwa sawasawa humsaidia. Nyakati nyingine msaada hutoka kwenye mvumo hafifu wa umeme, ambao nchini Uingereza hutetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo ambao kila mtu angependa uondolewe humwambia fundi wimbo ulikuwa katika kimo gani, na baada ya kumtumikia ndipo huondolewa, tena nusunusu.

Kuna pia mizimu. Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa huachia sumaku yake kidogo kwenye tabaka lililoilalia. Matokeo yake ni kwamba kabla ya mwimbaji kufungua kinywa husikika kivuli cha neno analotaka kulisema, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Ndiyo maana watunzaji wa kanda walifundishwa kuihifadhi ikiwa imezungushwa kinyume, mwisho ukiwa nje, ili kivuli kifuate neno na kujificha nyuma yake. Kwa kutazama rili tu, mwanzo uko wapi na mwisho uko wapi, fundi hujua kama aliyeiweka ghalani alikuwa mtu makini.

Kanda nyingine zilichoshwa na kazi yenyewe. Wakati wa kurekodi "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, sauti za Mercury, May na Taylor ziliwekwa moja juu ya nyingine mara nyingi mno, kanda ikipita na kupita kichwani mwa mtambo. May amesimulia kwamba mwishoni kanda ilikuwa imelika kiasi cha kuonyesha mwanga ikiinuliwa dirishani. Muziki ulikuwa unafutika kwa sababu ya kuumbwa. Anayeishika kanda kama hiyo leo ameshika kitu ambacho waliokitengeneza karibu wakimalize, na mikono yake inapaswa kulijua hilo.

Baada ya kunakili huja mtihani mkubwa kuliko yote: kujua pa kuishia. Programu za kompyuta sasa zinaweza kuondoa mvumo, kikohozi, mlio wa kiti na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti. Zinaweza kutenganisha gitaa na sauti zilizochanganywa katika mstari mmoja, jambo lililowezesha albamu *Revolver* ya Beatles kuchanganywa upya na kutolewa mwaka 2022. Uwezo huo ni neema, na kwa mikono ya pupa ni balaa. Tangu miaka ya 1990 matoleo mengi ya albamu za zamani yalipandishwa sauti hadi penye utulivu na penye kishindo pakalingana. Wimbo kama "Doing All Right" ukitendewa hivyo unakufa, maana uhai wake wote uko katika umbali kati ya mnong'ono na radi. Waliofanya hivyo walitaka msikilizaji asiuruke wimbo. Kumbe walimnyima sababu ya kuusubiri.

Kuna marekebisho yenye haki. Queen hawakuwahi kuridhika na mlio wa drams wa albamu yao ya kwanza, ulionaswa katika kijichumba kikavu cha studio ya Trident, walikofanya kazi saa ambazo hakukuwa na mteja wa kulipa. Mwaka 2024 Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson waliichanganya upya na ikatoka kwa jina la *Queen I*. Wimbo "Mad the Swine", uliong'olewa mwaka 1973 na kutolewa tu mwaka 1991 nyuma ya santuri ya "Headlong", ulirudishwa mahali pake katika mpangilio. Nyimbo tano za majaribio, zilizopigwa mwishoni mwa 1971 kwa sababu studio mpya ya De Lane Lea huko Wembley ilihitaji bendi ya kujaribia mitambo, nazo zilichanganywa upya. Mwaka 2011 zilikuwa zimetolewa kutoka kwenye santuri aliyoihifadhi May mwenyewe, michakacho yake ikisikika. Mpenzi wa kweli huyaweka matoleo yote mawili kabatini. Jipya linaonyesha kilichokusudiwa, la zamani linaonyesha kilichotokea, na hakuna lenye haki ya kulifuta jingine.

Thamani ya kujizuia inadhihirika katika toleo la *The Miracle* la mwaka 2022, lenye nyimbo na vipande vya mwaka 1988 visivyowahi kusikika, na kati ya vipande hivyo yameachwa mazungumzo ya wanamuziki studioni. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Kusikia sauti yake ikiimba ni jambo la kawaida duniani kote. Kuisikia ikizungumza na wenzake kazini, bila kujua kwamba itatunzwa, ni jambo jingine kabisa. Fundi mwenye pupa angeyakata maneno hayo kama taka kati ya nyimbo.

Ufundi huu sasa unapungukiwa na vitu vya kufanyia kazi. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika viwanja vya studio za Universal huko California lililokuwa na kanda mama, na umma haukupata picha ya tukio hilo hadi gazeti la *The New York Times* lilipoandika mwaka 2019. Ukubwa wa hasara umebishaniwa, lakini kilichoungua hakina nakala iliyo sawa nacho. Jengo la Langham ni hoteli tena. Wageni hulala mahali Mercury alipoimba jina lake. Studio za Maida Vale, ambazo BBC walizitumia tangu 1934, ziliuzwa mwaka 2023. Na muziki unaorekodiwa sasa hauna sanduku wala mwandiko. Jaribio lisilofaa hufutwa kwa kidole kimoja, na mashine haimwulizi mtu mara ya pili. Hakuna mstari uliokata jina la wimbo, wa kumwambia mtafiti wa kesho kwamba hapa palikuwa na shaka.

BBC imehifadhi makaratasi yake huko Caversham. Humo mna kumbukumbu za vipindi vilivyorushwa: tarehe, studio, bendi, nyimbo zilizopigwa. Mtafiti huweza kuketi na kusoma kwamba siku fulani ya mwaka 1963 vijana wanne walipiga wimbo fulani kwa ajili ya taifa zima, kisha akaenda kutafuta kanda yake na asiikute. Mbele ya ukurasa huo fundi hodari kuliko wote hana la kufanya. Hakuna cha kuoka, hakuna cha kuunga. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilitunzwa vizuri, mstari kwa mstari, na mali ndiyo iliyofutwa.